UZI: Watu waliojikuta ghafla wako zama za kale kwa dakika chache kisha wakarudi (Versailles 1901, Dieppe 1951, York 1953...)

Mzalendo wa Rufiji

Wakuu habari za muda huu. Kuna jambo limenikaa kichwani muda mrefu, leo nimeona nilishushe hapa tulijadili kwa utulivu, maana vijiweni kila likiguswa linaishia kwenye ubishi, huyu anasema uongo mtupu yule anasema majini, imeisha hiyo, hakuna anayeuliza swali la maana.

Nazungumzia ile hali mtu yuko macho, mchana kweupe, hajalewa wala hajalala, anatembea zake sehemu, halafu ghafla anaona vitu vya pale vimekuwa vya zamani. Watu wamevaa mavazi ya enzi nyingine, majengo mengine, sauti nyingine, inachukua dakika chache tu kisha kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Sio ndoto na sio mzimu mmoja kukaa kwenye kona ya chumba, ni mahali pazima panabadilika na wewe uko ndani yake.

Nianze na kisa mama wa visa vyote. Tarehe 10 Agosti 1901, wanawake wawili Waingereza walikwenda kutembelea Versailles, lile kasri la wafalme wa Ufaransa nje ya Paris. Hawakuwa watu wa mtaani wa kubeba stori, mmoja ni Charlotte Anne Moberly, mkuu wa chuo cha wanawake St Hugh's pale Oxford, baba yake alikuwa askofu. Mwingine ni Eleanor Jourdain, mwalimu, ambaye baadaye naye akaja kuwa mkuu wa chuo hicho hicho. Wakati huo walikuwa hata hawajazoeana sana.

Walipomaliza kuangalia kasri kubwa wakasema waende Petit Trianon, ile nyumba ndogo ambayo Louis wa 16 alimpa mkewe Marie Antoinette. Wakapitiliza njia, wakapotea. Mbele wakakuta wanaume wawili wamevaa makoti ya kijani kijivu na kofia za pembe tatu, wakawauliza njia wakaambiwa nyoosheni tu. Jourdain akaona kibanda, mlangoni kuna mwanamke na binti wanapokezana jagi. Kuanzia hapo wote wawili wanasema walishikwa na huzuni nzito isiyo na sababu, kila mmoja akaificha asimwambie mwenzake. Moberly aliandika kwamba miti ilionekana bapa, haina uhai, hakuna kivuli wala upepo, kila kitu kimetulia isivyo kawaida.

Wakafika kwenye kijibanda cha bustanini, pembeni kakaa mwanaume mwenye joho, uso wa makovu ya ndui, akageuka akawatazama na walimuogopa kwelikweli. Mara wakasikia mtu anakimbia nyuma yao, kijana mwekundu usoni, akawaambia kwa haraka wasipite huko wapite huku. Wakavuka kidaraja kidogo, wakatokea kwenye majani karibu na nyumba, na hapo Moberly akamwona mwanamke amekaa anachora, kavaa kofia nyeupe pana na gauni la kizamani. Akageuka akamwangalia. Kisha kijana mmoja akatoka kwenye mlango akawaonyesha pa kuingilia, ndani wakakuta msafara wa harusi, watu wa 1901 kabisa, na ile huzuni ikaondoka yote.

Hawakuzungumza habari hiyo mpaka kama wiki imepita. Moberly alikuwa anaandika barua kuhusu safari yao, akasimama akamuuliza mwenzake, hivi unadhani kule Trianon kuna mizimu? Jourdain akajibu ndiyo. Na mwezi Novemba mwaka huo walipokaa kulinganisha ndipo ikajulikana kuwa yule mwanamke anayechora, Jourdain hakumwona kabisa, ilhali walipita mbele yake wote wawili!

Baadaye Moberly akaja kuona picha ya Marie Antoinette akasema ndiye yule. Wakaanza uchunguzi wa miaka, wakaingia kwenye maktaba za Paris, wakatafuta ramani na hesabu za watunza bustani. Na tarehe yenyewe ikawashtua, maana 10 Agosti mwaka 1792 ndiyo siku watu wa Paris walipovamia kasri la Tuileries, mfalme na malkia wakapoteza kila kitu. Mwaka 1911 wakatoa kitabu kwa majina ya bandia, kikasomwa kwelikweli.

Naendelea chini, nipeni muda nichape.

Mzalendo wa Rufiji

Sehemu ya pili.

Kisa cha Versailles ndicho kinachojulikana zaidi lakini mimi sikiweki namba moja, na nitasema kwa nini. Kwangu mimi kizito zaidi ni cha Dieppe, mji wa pwani kaskazini ya Ufaransa. Tarehe 19 Agosti 1942 majeshi ya washirika kama watu 6,000, wengi wao vijana wa Kanada, yalishuka pale kushambulia Wajerumani, ikawa maafa makubwa, zaidi ya Wakanada 900 walikufa. Moja ya fukwe walizoshukia inaitwa Puys.

Sasa Agosti 1951, miaka tisa baadaye, wanawake wawili Waingereza, mawifi, walikuwa likizo hapo hapo Puys. Alfajiri moja wakaamshwa na sauti, mayowe ya watu, mizinga, ndege zinashuka kwa kasi kupiga mabomu. Wakatoka kwenye roshani, hawaoni chochote, wanasikia tu. Na walichofanya hawa akina mama ndicho kilichonifanya niwaheshimu, walichukua saa na kalamu wakaanza kuandika. Kelele zilianza kama saa 10:20 alfajiri, zikakatika ghafla saa 10:50, zikaanza tena saa 11:07, zikanyamaza saa 11:40, zikaja kwa mawimbi hivyo hivyo mpaka saa 12:55 wakabaki wanasikia ndege wa asubuhi tu. Watafiti wa ile jumuiya ya London inayochunguza mambo haya walipozilinganisha na kumbukumbu za jeshi, wakakuta saa 11:07 ndio wakati vikosi viligusa ufukwe wa Puys, na saa 11:40 ndio meli zilisimamisha mizinga!

Watu wengine waliolala nyumba hiyo hawakusikia kitu. Na wapo waliokuja kusema kwamba walichosikia kilikuwa mashine ya kuchimba matope bandarini. Inawezekana, mashine hizo zina kelele za vyuma na zinafanya kazi usiku. Lakini mashine kukatika na kuanza kwa dakika zile zile, hapo nabaki na swali.

Kuna na Harry Martindale wa York, Uingereza. Mwaka 1953 alikuwa kijana wa miaka 18, fundi mwanafunzi, anafunga mabomba kwenye chumba cha chini cha nyumba moja kongwe inaitwa Treasurer's House. Yuko juu ya ngazi akasikia tarumbeta, mara farasi mkubwa akatokea ukutani, kisha askari wa Kirumi wanapita wawili wawili, wamechoka, wachafu, wana ngao za mviringo. Akadondoka. Alichokiona ni kwamba walikuwa wamekatwa magotini, miguu haionekani, mpaka walipofika mahali ambapo sakafu ilikuwa imechimbwa ndipo akaona viatu vyao. Chini ya sakafu ile kulikuwa na barabara ya Kirumi, wao walikuwa wanatembea juu ya barabara yao sio juu ya sakafu yetu. Baadaye huyu bwana akawa polisi, alikaa kimya miaka mingi kwa kuogopa kuchekwa, habari ikaja kusambaa miaka ya 70.

Mwandishi Edith Olivier naye alipita na gari Avebury, kijiji cha Uingereza, jioni ya mvua mwaka 1916, akaona barabara ndefu ya mawe makubwa yaliyosimamishwa na ndani ya kijiji kuna gulio, taa, watu wanacheza. Baadaye akaambiwa gulio lile lilikoma 1850, na ile barabara ya mawe ilikuwa imetoweka hata kabla ya 1800.

Nadharia yangu wakuu ni kwamba watu hawa wengi wao hawadanganyi, wanasema wanachoamini. Kwa hiyo swali la kuuliza sio "muongo au mkweli". Swali ni aliandika lini, na kabla ya kuandika alikuwa ameshasoma nini, ameshazungumza na nani. Karibuni.

Chausiku

Mzalendo ahsante kwa uzi. Mimi naomba kuuliza, hao wa Versailles si walikwenda na wanajua historia ya pale? Walimu wa Oxford hao. Mtu ukienda mahali unajua malkia aliishi hapa kisha wakamkata kichwa, akili si inajitengenezea yenyewe?

Mzalendo wa Rufiji

Dada Chausiku, wenyewe walisema hawakujua mengi kuhusu kipindi kile, ila mwalimu yeyote wa Ulaya alijua habari za Marie Antoinette, hilo halikwepeki. Na ndiyo sababu nimesema sikiweki namba moja. Safari ilikuwa Agosti, maandishi yao ya kwanza ni Novemba. Miezi mitatu! Kisha yakaja maandishi marefu zaidi baadaye yenye vitu ambavyo vya kwanza havikuwa navyo, na katikati hapo Jourdain ameshafundisha wanafunzi mapinduzi ya Ufaransa, ameshakwenda tena Versailles Januari 1902 na kudai kusikia muziki na kuona watu wanapakia kuni kwenye mkokoteni. Walichokiona kimeshachanganyikana na walichokisoma, hata wao wasingeweza kuvitenganisha tena.

Halafu Moberly huyo huyo mwaka 1914 alisema amemwona pale makumbusho ya Louvre mtu mrefu amevaa taji, akaamini ni mfalme Constantine wa Roma. Yaani alikuwa mtu wa kuona vitu. Simdharau kwa hilo, ila ukipima ushahidi lazima uliweke mezani.

Kuna maelezo mengine ambayo mimi nayaona mazuri. Mwandishi Mfaransa Philippe Jullian mwaka 1965 alitoa kitabu kuhusu Robert de Montesquiou, tajiri na mshairi aliyewahi kuishi Versailles na kupenda kufanya sherehe ambazo yeye na rafiki zake wanavaa mavazi ya kale kule bustanini. Jullian akasema huenda wale akina mama waliingia katikati ya watu wanaofanya mazoezi ya sherehe kama hiyo. Yule mama aliyesimamia maandishi yao, Joan Evans, alikubaliana na maelezo hayo kiasi cha kukataa kitabu kisichapwe tena. Shida ni kwamba ile huzuni na ile miti bapa havielezwi na sherehe.

Nesi wa Zamu

Naomba nichangie upande wangu maana niko kwenye mambo ya hospitali. Hiyo huzuni ya ghafla, vitu kuonekana bapa kama sio halisi, ukimya, hizo ni dalili zinazojulikana. Kuna kifafa ambacho mtu haanguki wala hatoi povu, kinaanzia sehemu ya ubongo iliyo pembeni karibu na sikio. Daktari Mwingereza John Hughlings Jackson karne ya 19 aliwaandika wagonjwa wa namna hii, alisema wanaingia kwenye hali kama ya ndoto wakiwa macho, wanajisikia walishawahi kuwa pale, wanaona mambo ya zamani, wengine wananusa harufu ambayo haipo, wanashikwa na hofu au huzuni, dakika moja au mbili inaisha.

Na Wilder Penfield pale Montreal, miaka ya 30 mpaka 50, alikuwa anafanya upasuaji wa ubongo mgonjwa akiwa macho ili ajue asikate sehemu muhimu. Akigusa sehemu hiyo ya pembeni kwa waya wenye umeme mdogo, baadhi ya wagonjwa walisikia muziki ukipigwa, sauti za ndugu zao, wakaona matukio ya utotoni kana kwamba yanatokea pale chumbani, na wakati huo huo wanajua kabisa kwamba wako hospitali wamelala kitandani. Kwa hiyo ubongo una uwezo wa kukuletea tukio zima, sio picha tu.

Ndugu zangu naomba sana, mtu akija kwako anakwambia anaona mambo haya mara kwa mara, na hasa kama kuna dakika anapotea haitiki, usimkimbize kwa mganga kwanza. Mpeleke hospitali akapimwe. Nimeona vijana wamefungiwa ndani miaka, familia inaficha kwa aibu, kumbe kuna vidonge.

Mzalendo wa Rufiji

Nesi, Mungu akubariki, hili la mwisho natamani lisomwe na kila mtu. Swali langu: hiyo inaeleza mtu mmoja. Wawili kwa wakati mmoja inakuwaje? Wale mawifi wa Dieppe walisikia wote.

Nesi wa Zamu

Wawili kwa wakati mmoja kifafa hakielezi, nakubali. Hapo mimi naishia.

Fundi Kipozeo

Wawili inaweza kuelezwa na mtetemo. Mimi kazi yangu ni mafriji na AC, kuna kitu tunakijua kwenye fani. Mwaka 1998 kuna mhandisi Vic Tandy wa Coventry aliandika kuhusu maabara waliyokuwa wanafanyia kazi, watu walikuwa wanajisikia vibaya mle, baridi, huzuni, yeye mwenyewe akaona kivuli cha kijivu pembeni ya jicho. Kesho yake kaleta upanga wake wa michezo ya kitara kuutengeneza, kaubana kwenye meza ukaanza kutetemeka wenyewe. Akafuatilia akakuta ni feni ya kutoa hewa iliyokuwa imefungwa mpya, inatoa mtetemo wa kama mara 19 kwa sekunde, sikio la binadamu halisikii lakini mwili unapokea. Wakarekebisha ile feni hali ikaisha. Kwa hiyo watu wawili au kumi wakiwa sehemu moja wanaweza kushikwa na hofu moja. Ila hautakuletea askari wa Kirumi, utakuletea hofu tu, picha unaweka mwenyewe.

Mwana Watamu

Salamaleko nyote. Nyie mwazungumza Ulaya na hapa kwetu pwani ya Kenya Gede iko. Mimi nimezaliwa karibu na hayo magofu na wazee wetu hawaingii mle ovyo, ukiingia waingia kwa adabu. Ni mji mzima wa Waswahili ndani ya msitu, msikiti mkubwa, kasri, visima, kuna kaburi limeandikwa tarehe ya hijria 802, ambayo ni 1399. Mji uliachwa ukamezwa na miti. Sasa hivi UNESCO wameuingiza kwenye urithi wa dunia, mwaka 2024.

Yule Mzungu aliyeuchimba kuanzia 1948, James Kirkman, msomi mkubwa sio mtu wa mchezo, mwenyewe aliandika kwamba alipoanza kazi pale alikuwa ahisi kuna kitu au mtu amtazama kutoka nyuma ya kuta, si adui na si rafiki, amngojea tu kwa jambo alijualo litakuja. Huyo ni mchimbaji wa serikali, na aliyaandika kwa mkono wake.

Mimi mwenyewe nikiwa kijana nilikuwa nikipeleka wageni. Kuna nyumba mle zimepewa majina kwa vilivyookotwa ndani, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Saa za alasiri wageni wakishatoka, pale baina ya nyumba na kasri, mara kadha wa kadha nimesikia kinu. Mtu atwanga. Sauti yatoka ndani ya kuta si upande wa kijijini, upande wa kijiji naujua. Wallahi sikuogopa, mambo ya kutwanga yana hofu gani? Lakini nilikuwa nikirudi nyuma kwa adabu, nisijeingia nyumba ya watu bila hodi. Nasema niliyoyasikia, sina zaidi.

Abu Salim, Muscat

Ndugu zangu, kwa sisi waumini jambo hili lina maelezo. Majini wapo, wametajwa katika Qurani, na umri wao si kama wetu. Jini aliyeishi mahali pale miaka mia tano anaweza kuwaonyesha watu yale aliyoyaona. Huku Oman kuna mji wa Bahla, una ngome kongwe na ukuta mrefu wa udongo, watu wake tangu zamani wanazungumziwa kwa mambo hayo. Sisemi utafiti uachwe, utafiti ni mzuri. Lakini kusema kila kitu ni ubongo au feni, hapo tunapunguza.

Mzalendo wa Rufiji

Sheikh Abu Salim nimekupata na imani yako naiheshimu, mimi pia ni mtu wa dini. Ila hata kwa maelezo ya jini, swali langu linabaki pale pale, mtu alichokiona ni nini hasa na aliandika lini. Kama jini anaonyesha mambo ya kweli basi yatakuwemo mambo ambayo muonaji hakuyajua, na hayo ndiyo tunayataka. Martindale alisema ngao za mviringo wakati watu wa kawaida wanajua askari wa Kirumi wana ngao za pembe nne. Wataalamu walikuja kumuunga mkono kwamba vikosi vya msaada walibeba za mviringo. Angekuwa ameandika 1953 ile ile, hiki ndicho kingekuwa kisa kizito kuliko vyote duniani. Lakini miaka ishirini imepita katikati, na miaka ishirini ni mingi mno kwa kumbukumbu ya binadamu.

Mnajua utafiti wa mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na mwenzake mwaka 1974? Waliwaonyesha watu filamu ya magari yanagongana, kisha wakawauliza yalikuwa na kasi gani. Walioulizwa kwa neno kali, kwamba magari yalipobamizana, walitaja kasi kubwa kuliko walioulizwa kwa neno laini, kwamba yalipogusana. Filamu ni moja. Na baada ya wiki wengi zaidi kati ya wale wa neno kali walisema waliona vioo vimevunjika, wakati kwenye filamu hakukuwa na kioo kilichovunjika hata kimoja. Wiki moja tu, na neno moja tu kwenye swali.

Mwana Watamu, kinu chako nimekipokea jinsi ulivyokisema, na nimependa kwamba hukuongeza chumvi. Ungesema umewaona na masultani ningekuwa na mashaka.

Binti Kivinje

Nimesoma uzi wote kimya kimya nikasema leo niseme, sijawahi kuandika hili popote.

Tulikwenda Kilwa Kisiwani mimi na kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, tulivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko. Tukazunguka msikiti mkubwa na makaburi kisha mchana tukaenda Husuni Kubwa, lile kasri la sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alimkuta akitawala mwaka 1331. Liko mbali kidogo na magofu mengine, juu ya mwamba, bahari iko chini yake. Kuna birika la kuogea la pembe nane, wengi mtakuwa mmeliona kwenye picha.

Mtembezaji wetu alibaki nyuma kivulini anaongea na simu. Sisi tukatangulia. Nilipofika karibu na lile birika nikasikia maji yanamwagwa, sio mawimbi, maji yanamwagwa kwa chombo, na wanawake wanazungumza, sauti za chini, maneno nasikia kama nayajua lakini siyashiki. Na harufu ya udi, udi kabisa. Birika ni kavu, limeota majani! Upepo ulikuwa hakuna, na mimi nilijisikia mzito hivi, kama nataka kulia na sijui nalia nini. Ndiyo maana niliposoma ile huzuni ya Versailles nimesisimka mwili mzima. Nikageuka kumwangalia kaka, naye kasimama anatazama huko huko. Halafu ikakatika. Akaniuliza, "Wamekwenda wapi wale?" Nikamwambia hata sijui. Hatukuongea tena mpaka tunavuka.

Kwa hiyo wawili tulisikia. Nesi na fundi mniambie, maana pale hakuna feni wala umeme.

Nesi wa Zamu

Pole mdogo wangu, na ahsante kwa kutuamini. Mimi siwezi kukwambia ulikuwa mgonjwa, hukuwa na dalili nyingine. Joto la mchana, uchovu, njaa, vinachangia, lakini sitaki kulazimisha.

Mzalendo wa Rufiji

Binti Kivinje, hiki ulichokileta ni kikubwa na nataka tukitendee haki. Swali moja la haraka, wewe na kaka yako mmeshawahi kukaa mkasimuliana kwa urefu nani alisikia nini?

Binti Kivinje

Hapana. Kila nikianza anabadilisha mazungumzo. Tunajua tu kwamba wote tulisikia.

Mzalendo wa Rufiji

Basi usimsimulie kitu! Nakuomba kama ndugu. Usimtumie link ya uzi huu, usimwambie maji wala wanawake wala udi. Mpigie umwambie tu, kaka ile siku ya Husuni naomba uniandikie ulichokisikia na ulichokiona, mahali uliposimama, na kama kulikuwa na harufu yoyote au hakuna. Hapana, hata harufu usiitaje, ukiitaja utakuwa umempa. Mwambie aandike kila anachokumbuka basi. Moberly na Jourdain kilichowaokoa kidogo ni kwamba waliandika kila mtu kivyake, na ndivyo imebaki wazi kwenye maandishi kwamba mmoja alimwona yule mwanamke na mwingine hakumwona. Wangekaa wakaandika pamoja leo tungesoma kwamba walimwona wote wawili.

Mwana Watamu

Kweli kabisa. Na akiandika uyaweke hapa kama yalivyo, usiyapige pasi.

Binti Kivinje

Wakuu nimerudi. Kaka kakubali, kanitumia WhatsApp, naweka kama alivyoandika:

"Nilikuwa nyuma yako upande wa baharini, karibu na zile ngazi zinazoshuka chini. Nikasikia watu wanaongea, wanaume na watoto, nikajua wavuvi wako chini wanavuta mtumbwi. Nikasogea nichungulie, chini hakuna mtu wala mtumbwi. Hicho ndicho kilichonishtua. Ndipo nikakuuliza wamekwenda wapi. Sikuona kitu. Maji nilisikia ya bahari tu. Ulikuwa unalia ndo maana sikutaka kuizungumzia, nilidhani imekuumiza."

Mimi nilisikia wanawake, yeye kasikia wanaume na watoto. Mimi birikani, yeye chini ufukweni. Udi hajautaja kabisa. Na mimi nilikuwa sijui kama nilikuwa nalia.

Fundi Kipozeo

Sauti kutoka ufukweni inaweza kupanda kwenye mwamba ikagonga kuta za mawe ikatokea sehemu nyingine kabisa. Watu wanaweza kuwa walikuwa mbali, nyuma ya kona ya mwamba, yeye akichungulia haoni mtu. Hata maji uliyosikia yanaweza kuwa mtu anatoa maji kwenye mtumbwi kwa kata. Hiyo ndiyo sauti ya maji kumwagwa kwa chombo.

Mzalendo wa Rufiji

Hoja ya fundi ina uzito, hasa hiyo ya kata. Na inaweza kupimwa, bahari ikiwa imetoka mbali mtumbwi hausogei pale chini. Binti, mnakumbuka mlivuka maji yakiwa yamejaa au yametoka?

Binti Kivinje

Wakati wa kurudi tulitembea kwenye matope mpaka kwenye mashua, viatu mkononi, hilo nalikumbuka vizuri. Kwa hiyo yalikuwa yametoka, lakini kurudi ilikuwa jioni, mchana wa Husuni sijui. Picha zipo kwenye simu ya zamani zina tarehe na saa, na kuna moja nimepiga nikiwa juu ya mwamba bahari inaonekana. Simu imekufa chaji, naipeleka kwa fundi kesho, nikiipata naiweka hapa.

Ila udi niliunusa.

Mzalendo wa Rufiji

Nakuamini kwamba uliunusa. Leta picha tukaangalie jedwali la maji ya siku ile.